Uelekezaji wa Magurudumu Manne: Maana Yake na Thamani Yake

Katika istilahi za magari zipo alama mbili za Kiingereza zinazopishana kwa herufi moja tu: 4WD na 4WS. Herufi hiyo moja ndiyo iliyotufanya tuandike makala haya. Afisa anayeandaa masharti ya zabuni ya magari, au mfasiri wa kitabu cha maelekezo, akizifasiri alama zote mbili kuwa "uendeshaji wa magurudumu manne", idara yaweza kuletewa gari ambalo magurudumu yake ya nyuma hupinda kwenye kona, lakini hayana nguvu ya kulitoa gari matopeni. Fedha za umma zitakuwa zimekwisha kutoka. Yatupasa basi kubainisha maana, kisha kueleza kama kitu chenyewe chastahili kununuliwa, maana ni vigumu kukipa kitu jina linalokifaa bila ya kujua kazi yake.

Alama ya kwanza, 4WD, yahusu nguvu. Nguvu ya injini hupelekwa kwenye magurudumu yote manne, na gari la namna hiyo wengi wetu huliita "fowili". Alama ya pili, 4WS, haihusu nguvu hata kidogo. Yahusu mwelekeo: dereva anapokata usukani, magurudumu ya mbele hupinda, na yale ya nyuma nayo hupinda kidogo. Gari laweza kuwa na sifa moja bila ya nyingine, au likawa nazo zote mbili.

Chanzo cha utata ni kitenzi "kuendesha". Dereva huendesha gari, na injini nayo huendesha magurudumu. Kitenzi kimoja chabeba maana ya kuongoza na maana ya kusukuma. Katika mazungumzo ya kila siku jambo hili halina madhara, lakini istilahi yatakiwa ielekeze kwenye dhana moja tu. Kwa sababu hiyo tunashauri "uendeshaji" uepukwe katika dhana zote mbili.

Neno "usukani" nalo lina historia ya kutufunza. Kabla ya kuingia garini lilikuwa neno la chomboni, likitaja ule ubao ulio tezi ambao huzungushwa kwa kana. Msukani akiuzungusha, tezi husukumwa upande mmoja, na omo huelekea upande wa pili. Kuelekeza chombo kutoka nyuma, basi, si jambo geni kwa wasemaji wa lugha hii. Gari ndilo lililouhamishia uelekezaji mbele. Hata nchi kavu, foklifti za bandarini na maghalani hupinda magurudumu ya nyuma, na ndiyo maana huweza kugeuka katika nafasi finyu.

Magurudumu ya nyuma hupinda kwa namna mbili. Gari linapokwenda polepole, hupinda kinyume cha yale ya mbele, na gari hugeuka katika mduara mdogo zaidi. Linapokwenda kasi, hupinda upande ule ule wa yale ya mbele, kwa pembe ndogo sana. Katika gari la kawaida sehemu ya mbele huanza kugeuka, na ya nyuma hufuata baada ya kitambo kifupi. Hapo ndipo mkia huweza kuyumba. Magurudumu ya nyuma yakipinda sambamba na ya mbele, matairi yote manne hushika barabara kwa ubavu karibu wakati mmoja, na gari huhama mstari likiwa limetulia.

Faida ya kugeuka yaweza kukadiriwa kwa hesabu ya shule ya sekondari. Chukua umbali kati ya ekseli mbili, uugawe kwa jumla ya tanjenti za pembe za magurudumu ya mbele na ya nyuma. Jibu ni nusu kipenyo cha mduara unaopitwa na mstari wa katikati ya gari. Gari lenye mita 3 kati ya ekseli, ambalo magurudumu yake ya mbele hupinda nyuzi 35, litageuka katika kipenyo cha mita 8.57. Magurudumu ya nyuma yakipinda kinyume kwa nyuzi 5, kipenyo hushuka hadi mita 7.62. Yakipinda nyuzi 10, hushuka hadi mita 6.85. Vipimo hivi si vile vinavyochapishwa na watengenezaji, kwani wao hupima mzunguko wa upande wa nje wa gari. Lakini tofauti inaonekana wazi.

Sasa tulitazame gari dogo lenye mita 2.4 kati ya ekseli, lisilo na ufundi huu wowote. Kwa pembe ile ile ya mbele litageuka katika kipenyo cha mita 6.86. Yaani mwenye gari dogo amekwisha kupata bure kile ambacho mwenye gari refu anakilipia. Hapa ndipo penye kiini cha uamuzi: ufundi huu ni dawa ya urefu. Asiye na gari refu hana maradhi hayo.

Historia yake yathibitisha kwamba wanunuzi hawakuupokea kwa kauli moja. Nissan iliutia katika Skyline mwaka 1985. Honda ilifuata na Prelude mwaka 1987, ikitumia mitambo isiyo ya elektroniki: usukani ukikatwa kidogo magurudumu ya nyuma yalipinda sambamba hadi nyuzi 1.5, na ukikatwa sana yalirudi na kupinda kinyume hadi nyuzi 5.3. Kampuni ya General Motors ya Marekani iliutia katika magari yake makubwa ya mizigo kuanzia mwaka 2002, kwa pembe ya hadi nyuzi 12, kisha ikauacha mwaka 2005. Mwaka 2020 Mercedes-Benz ilitoa S-Class mpya ikiwa na chaguo la nyuzi 4.5 au 10. Ufundi huu umerudi pamoja na magari marefu, yakiwemo yale ya umeme ambayo betri zake hulazwa sakafuni, kati ya ekseli.

Anayetaka kuamua na ajiulize maswali manne. Kwanza, je, gari ni refu, na je, hugeuzwa mara kwa mara mahali finyu au huvuta tela? Pili, je, husafiri sana kwa kasi katika barabara kuu? Tatu, nani atalitengeneza? Ekseli ya nyuma huongezewa viungo, bushi, mota na vihisio, na magurudumu yote manne huhitaji kupangwa kwa vifaa maalumu. Katika njia za mawe na matope viungo hivyo huchakaa, na si kila fundi ana vifaa vya kuvipima. Nne, je, dereva atafundishwa? Magurudumu ya nyuma yakipinda kinyume, mkia hutoka nje zaidi ya ilivyozoeleka, na gari lililoegeshwa sambamba na ukuta laweza kuukwaruza linapoondoka.

Kwa maoni yetu, gari dogo la mjini halihitaji ufundi huu, na gari la shamba lililo mbali na karakana yenye vifaa ni afadhali lisiwe nao. Gari refu linalofanya kazi mjini, au linalovuta tela katika barabara nzuri, laweza kunufaika, ikiwa karakana ipo karibu.

Istilahi tunazopendekeza ni hizi:

Msukumo wa magurudumu manne: mfumo wa kupeleka nguvu ya injini kwenye magurudumu yote manne.
Uelekezaji wa magurudumu manne: mfumo wa kupinda magurudumu ya mbele na ya nyuma ili kuliongoza gari.
Uelekezaji kinyume: magurudumu ya nyuma kupinda upande usio wa yale ya mbele.
Uelekezaji sambamba: magurudumu ya nyuma kupinda upande mmoja na yale ya mbele.
Pembe ya uelekezaji: kiasi cha kupinda kwa gurudumu, kinachohesabiwa kwa nyuzi.

Hatukuchagua "usukani wa magurudumu manne", kwa kuwa usukani sasa ni kifaa kilichomo mikononi mwa dereva, nacho ni kimoja tu. "Fowili" libaki katika mazungumzo, ambako maana yake inaeleweka. Katika hati za zabuni, hata hivyo, dhana iandikwe kwa maneno kamili wala si kwa alama, na palipo na uelekezaji wa magurudumu manne pembe ya nyuma itajwe kwa nyuzi. Hapo muuzaji hatakuwa na nafasi ya kuleta kisichoagizwa, na mkaguzi atakuwa na kitu cha kupima.