Kupaka na Kuchora: Mwanzo wa Picha ya Tingatinga

Katika Kiswahili cha kila siku, mtu atengenezaye picha za rangi huitwa mchoraji, na kazi yake huitwa uchoraji, ijapokuwa kazi hiyo ina sehemu mbili ambazo lugha huzitenga kwa vitenzi viwili. Kupaka ni kueneza kitu juu ya kitu kingine, kama mafuta mwilini au chokaa ukutani. Kuchora, kwa maana yake ya zamani, ni kukata nakshi katika mbao, kama ionekanavyo katika milango ya Unguja na Lamu; neno hilo huchukua pia maana ya kutia mistari kwa kalamu au brashi.

Tofauti hii hudhihirika katika sanaa iliyoanzishwa na Edward Saidi Tingatinga mjini Dar es Salaam mwaka 1968. Yeye alitumia vipande vya mraba vya ubao mwembamba wa dari, mara nyingi vipatavyo sentimita 60 kila upande, na rangi ya mafuta yenye kung'aa, ile ipakwayo baiskeli. Baada ya kifo chake mwaka 1972 wafuasi wake waliendelea na njia hiyo, ingawa siku hizi turubai nayo hutumika sana.

Kwanza ubao hupakwa rangi kote, ama moja, ama mbili zinazoingiana polepole. Kisha huachwa ukauke, kwa kuwa rangi hiyo hukawia kukauka, na ikiguswa mapema huvurugika. Ndipo umbo la mnyama au ndege huchorwa, likajazwa rangi, na mwisho likapambwa kwa madoa na mistari myembamba.

Katika mafundisho ya Ulaya, aghalabu mstari wa penseli hutangulia rangi. Hapa rangi hutangulia mstari. Basi mwandishi wa kitabu cha shule atumiaye "kuchora" kwa kazi zote mbili humpotosha mwanafunzi, ambaye ataanza kwa mistari, na mistari hiyo itafunikwa yote na rangi ya kwanza.

Kwa hiyo yafaa wenye kuunda istilahi waliache neno "uchoraji" liwe jina la sanaa nzima, lakini katika kueleza hatua za kazi wahifadhi "kupaka" kwa rangi ya chini na "kuchora" kwa umbo lijalo juu yake, kama vitenzi hivyo vilivyokwisha kutengana katika matumizi ya wasemaji wenyewe.