Siku Moja Bryce Canyon: Bei Iko Kwenye Kitambulisho

Kushuka kwa miguu ndani ya hifadhi ya taifa ya Bryce Canyon, kusini mwa jimbo la Utah nchini Marekani, hakuna anayekudai hata senti. Gharama iko langoni, na tangu Januari 1, 2026, inategemea kitambulisho ulichobeba.

Mkazi wa Marekani, awe raia au mwenye Green Card, bado analipa kama zamani: dola 35 kwa gari na abiria wake, au dola 20 kwa anayeingia kwa miguu au baiskeli. Malipo hayo hudumu siku 7. Leseni ya udereva ya huko inatosha kuthibitisha ukazi. Lakini ndugu aliyetoka Nairobi au Dar es Salaam kuja kutembea huongezewa dola 100, na nyongeza hiyo hutozwa kila mtu aliyefikisha miaka 16. Baba, mama na kijana wao wa miaka 17 wakifika na gari la kukodi, ni dola 335 hata kabla hawajafunga kamba za viatu.

Familia ya namna hiyo inunue kadi ya mwaka ya wageni. Ni dola 250, humwingiza mwenye kadi na walio naye garini, na hufungua pia hifadhi za Zion na Grand Canyon. Msafiri wa peke yake mwenye gari atalipa 135 hapa, kwa hiyo kadi inaanza kumfaa akiongeza hifadhi ya pili kati ya 11 zinazotoza nyongeza hiyo. Akiishia Bryce tu, aiache.

Nikiwa na pasipoti ya nje na siku moja tu mkononi, ningefikiria kwanza hifadhi ya Capitol Reef, mwendo wa saa mbili na nusu hivi kwa gari kutoka Bryce. Haimo katika hizo 11. Barabara yake ya ndani ni dola 20 kwa gari, na njia ya Hickman Bridge, inayokupitisha chini ya daraja la mwamba lililochongwa na maumbile, huanzia kando ya barabara kuu, pasipo lango lolote. Utakachokosa ni nguzo za mawe mekundu za Bryce, na hilo si jambo dogo: hakuna mahali duniani penye nguzo za namna hiyo nyingi kama hapa.

Tuseme sasa umeshalipa Bryce. Usiitumie siku hiyo kuhama kutoka kituo kimoja cha kupigia picha hadi kingine. Anzia Sunrise Point, shuka kwa njia ya Queen's Garden, kisha panda kwa njia ya Navajo Loop hadi Sunset Point. Ni kilomita 4.7, saa mbili hadi tatu kwa mtu wa kawaida. Mteremko wa Queen's Garden ni wa upole, unapita kwenye matundu yaliyotobolewa mwambani. Kule Navajo, sehemu iitwayo Wall Street, kuta mbili zinakubana, na katikati yake imesimama miti mirefu, imenyooka kufuata mwanga ulio juu kabisa. Halafu zinakuja kona za kupanda, moja baada ya nyingine. Ukingo uko zaidi ya mita 2,400 juu ya usawa wa bahari, kwa hiyo aliyezoea hewa ya Mombasa asione aibu kupumzika kila kona. Wakati wa baridi Wall Street hufungwa kwa sababu ya barafu na mawe yanayoanguka. Wakati huo panda kwa upande wa pili wa Navajo, uitwao Two Bridges.

Njia ya Fairyland Loop, kilomita 13, ina utulivu zaidi, ila inakula nusu siku nzima au zaidi. Kwa wazee na wenye viti vya magurudumu, kipande cha lami kati ya Sunrise na Sunset hakifiki kilomita moja, na mandhari yake ni kamili. Safari ya farasi hulipiwa kando, nami sioni sababu ya kuitolea pesa kama miguu yako ni mizima: farasi hawapiti Wall Street.

Kuanzia majira ya kuchipua hadi vuli, basi la hifadhi ni bure kwa aliyelipa kiingilio, nalo hukuondolea taabu ya kutafuta maegesho. Pesa iliyobaki nunua viatu vyenye soli ya meno, vinavyoshika vifundo. Changarawe za kule huteleza hata pakiwa pakavu, na kifundo cha mguu ndicho kinachoumia mara nyingi.