Kabla ya Kombe, Ingwe Itufungulie Daftari

Ubingwa wa Ligi Kuu ya Kenya ulipotua mikononi mwa Kenya Police mwishoni mwa msimu wa 2024/25, ukiwa wa kwanza katika historia ya klabu hiyo, mashabiki wa Gor Mahia walisononeka kwa kunyang'anywa taji walilokuwa wamelizoea. Sisi wa AFC Leopards hatukulia. Machozi yetu yalikwisha kukauka. Tulihesabu tu kwa vidole, kama tufanyavyo kila msimu unapomalizika, tukapata miaka 27 tangu ubingwa wetu wa mwisho wa mwaka 1998.

Miaka 27, mpenzi msomaji, si mchezo. Mwaka 1998 Mzee Moi alikuwa Ikulu na simu ya mkononi ilikuwa ya wachache waliojaliwa. Aliyezaliwa mwaka ule sasa ni mtu mzima mwenye kitambulisho, na pengine mwenye jiko na watoto, na wala hajawahi kuiona Ingwe ikivishwa taji la ligi. Tangu hapo kombe hilo limetembea nchi nzima kama mchuuzi. Lilikwenda Ruaraka kwa Tusker. Lilikwenda Naivasha kwa Oserian, timu ya shamba la maua, mara mbili mfululizo, 2001 na 2002. Wanajeshi wa Ulinzi walilichukua, kiwanda cha sukari cha SoNy kikalichukua, vijana wa Mathare United wakalichukua 2008, na mwaka uliofuata Sofapaka wakalibeba katika msimu wao wa kwanza kabisa ligi kuu. Mwaka huo huo wa 2009 ndio sisi tulikuwa tunarejea ligini, baada ya kushushwa ngazi na kusota huko chini. Hebu fikiria: mgeni anaingia sebuleni na kukalishwa kitini, na mwenye nyumba ndiye kwanza anabisha hodi.

Kila msimu unapokaribia huulizwa na majirani na wafanyakazi wenzangu: "Je, mzee, mwaka huu Ingwe italichukua?" Hapo zamani ningetaja majina ya wachezaji wapya na kuapa kwamba huu ndio mwaka wenyewe. Siku hizi jibu langu ni jingine. Sidai kombe. Ninadai daftari.

Nitaeleza, lakini kwanza nigusie tulikotoka, maana asiyejua ukuu wa nyumba hawezi kupima anguko lake. Klabu hii ilianzishwa mwaka 1964 kwa jina la Abaluhya. Serikali ilipokataza vilabu kuitwa kwa majina ya makabila karibu na mwaka 1980, ikawa AFC Leopards, na mashabiki tukaendelea kuiita Ingwe, yaani chui. Hapa ndipo alipovuma Joe Kadenge, aliyefariki Julai 2019, na ambaye jina lake lilipewa ule uwanja wa City wa Barabara ya Jogoo. Hapa alicheza Jonathan Niva. Hapa langoni alisimama Mahmoud Abbas, mwana wa Mombasa, ishara kwamba hata katika siku za jina la kikabila na baada yake mlango wa pango haukufungiwa mtu wa pwani wala wa bara. Hapa alicheza Joe Masiga, daktari wa meno ambaye siku za juma aling'oa meno ya watu, na Jumapili akawang'oa mabeki. Wilberforce Mulamba alipoumiliki mpira kati ya uwanja, hata wapinzani walinyamaza kidogo kumtazama.

Timu hiyo ilitwaa Kombe la Klabu Bingwa ya Afrika Mashariki na Kati mara tatu mfululizo, 1982, 1983 na 1984. Ile ya 1984 tuliichukua Kampala kwa kuwafunga Gor Mahia katika fainali. Mwaka uliofuata Gor walilipiza kisasi jijini Khartoum, tena katika fainali. Yaani kwa miaka miwili ukanda wote huu ulikaa kando kutazama ugomvi wa nyumba mbili za Nairobi! Huko nyumbani tulikusanyika redioni, sauti ya Leonard Mambo Mbotela ikitupeleka hadi ukingoni mwa uwanja. Yeye naye ametutoka, Februari 2025.

Gozi letu na Gor huitwa la Mashemeji, kwa kuwa Waluo na Waluhya wameoana hata huwezi kujua damu ipi inaanzia wapi. Kwangu mimi shemeji hao ni wa kweli, nao hunitania bila huruma. Ila katika utani wao kuna jambo ambalo wengi wetu hatupendi kulikumbuka: Gor nao waliteseka. Walitwaa ligi 1995, kisha wakakaa miaka 18 wakiisikia tu, hadi 2013. Walipoamka hawakulala tena upesi. Kati ya 2013 na 2024 walichukua ubingwa mara tisa. Basi kiu ndefu si laana, wala hakuna mganga aliyeifukia Ingwe mtini. Ukiona vyaelea, vimeundwa.

Sasa nije kwenye daftari. Kwanza ni lile la langoni. Katika uwanja mmoja nisioutaja, nimeona kwa macho yangu mashabiki wakipenyezwa kwa noti ya shilingi mia bila tiketi, noti ikaingia mfukoni mwa mlinda lango na shabiki akaingia jukwaani akiimba kwamba anaipenda Ingwe kufa kupona. Ndani alikuwa wa kwanza kumtukana kocha kwa kutosajili mshambuliaji. Asajili kwa fedha ipi? Jukwaa lilikuwa limefurika, ngoma ya isukuti ikirindima, na hesabu iliyosomwa jioni ikawa ya watu wasiotosha kujaza mabasi machache. Tazama maajabu haya: isukuti UNESCO iliiweka mwaka 2014 katika orodha ya turathi zinazohitaji kulindwa kwa dharura, lakini fedha ya mpiga ngoma huyo huyo haina mlinzi hata hatua kumi kutoka langoni.

Nimeambiwa mara nyingi kwamba Mkenya hawezi kununua tiketi ya mechi ya nyumbani. Agosti 2025 tulipoandaa michuano ya CHAN pamoja na Uganda na Tanzania, hoja hiyo ilizikwa Kasarani. Harambee Stars iliifunga Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo, ikaifunga Morocco iliyokuja kuwa bingwa, ikaongoza kundi lake kabla ya kutolewa na Madagascar kwa mikwaju ya penalti katika robo fainali. Watu walijaa hadi CAF ikatuadhibu kwa fujo za malangoni, ikapunguza idadi ya watazamaji na kuagiza tiketi za kielektroniki pekee. Na tiketi hizo zilinunuliwa. Mkenya hulipa, ila mtengenezee mlango unaohesabu.

Daftari la pili ni la wafadhili, na hapa lazima niseme bila kupakana mafuta. Mtegemea cha nduguye hufa maskini. Kampuni ya SportPesa ilizifadhili Ingwe na Gor. Mapema 2018 ikajiondoa ikilalamikia kodi, ikarudi mwaka ule ule, na 2019 mvutano wake na serikali kuhusu leseni na kodi ukaiondoa tena. Katika wiki chache klabu mbili kubwa za taifa zikawa ombaomba. Siilaumu kampuni. Mfadhili ni mgeni, na mgeni huondoka. Ninachohoji ni kwa nini, katika misimu ile ya shibe, hatukujenga hata ukuta mmoja. Klabu iliyozaliwa 1964 haina uwanja wake. Kasarani na Nyayo zilipofungwa kwa ukarabati, chui alitangatanga mashambani kama paka aliyefukuzwa jikoni.

Kisha kuna madeni. Mapema katika miaka ya 2020, FIFA iliizuia Ingwe kusajili wachezaji kwa sababu ya malimbikizo ya makocha na wachezaji wa kigeni ambao hawakulipwa. Mla mbuzi hulipa ng'ombe. Mchezaji anatolewa ng'ambo kwa mkataba uliotiwa sahihi kwa pupa, anacheza mechi chache, mshahara unakatika, anaondoka kimya. Baada ya miaka miwili barua inatoka Zurich. Uongozi uliotia sahihi umekwisha kwenda zake na uongozi mpya unakabidhiwa bili. Ndiyo maana husema kwamba kocha wetu, awaye yote, huanza msimu akiwa amefungwa mabao mawili kabla ya kipenga.

Wapo wanaotaka klabu iuzwe kwa tajiri. Nawaelewa, lakini sikubaliani nao. Tajiri akinunua nyumba isiyo na hesabu, atakaa ndani yake vivyo hivyo bila hesabu, tofauti ikiwa kwamba sisi hatutakuwa tena na haki ya kuuliza. Wanachama walipiga kura kuchagua viongozi 2019, wakapiga tena 2025. Haki hiyo ni kubwa kuliko tunavyoithamini. Ila swali ni hili: ni wangapi kati yetu tunaoimba jukwaani ambao tumelipa ada ya uanachama? Shabiki asiyelipa ada ni mpangaji anayedai kupaka nyumba rangi.

Kuna daftari moja ambalo watu hawalitaji, nami naona ndilo lenye utajiri. Ni lile la watoto. Kanuni za FIFA zinaagiza kwamba mchezaji anapouzwa kutoka nchi moja hadi nyingine kabla ya mkataba wake kwisha, asilimia 5 ya bei igawiwe vilabu vilivyomlea tangu umri wa miaka 12 hadi 23. Victor Wanyama, ambaye baba yake Noah aliichezea Ingwe, naye akapitia humu humu kabla ya kwenda Ulaya mwaka 2007 angali kijana mdogo, alikuja kuifunga Barcelona akiwa Celtic Novemba 2012, kisha akauzwa Southampton na baadaye Tottenham. Mlinganyo ni mwepesi. Klabu iliyoandika jina la mtoto, tarehe aliyoingia na tarehe aliyotoka, hupokea hundi miaka kumi baadaye. Klabu iliyomwandika kichwani mwa kocha hupokea picha ya ukumbusho.

Kijana wangu, ambaye ni wa Arsenal kama nusu ya vijana wa Nairobi, hunicheka. Namkumbusha kwamba Arsenal ya Wenger ilikuwa bingwa wa Uingereza mwaka ule ule wa 1998 tulipokuwa mabingwa sisi, na kwamba kutoka 2004 hadi mwisho wa msimu wa 2024/25 naye hakuonja ligi. Hunijibu: "Lakini baba, sisi tulipokuwa tukingoja tulijenga uwanja, na kila mwaka hesabu zetu huchapishwa zikasomwa na kila mtu." Sina jibu la kumpa, na hilo ndilo linaloniuma kuliko kufungwa na Gor. Sichelei kwamba Ingwe itakosa kombe. Nachelea kwamba wazee wa isukuti watakapokwisha, watoto wao watakuwa wamekaa vibandani wakitazama London, na klabu ya Kadenge itabaki kuwa picha ya rangi nyeusi na nyeupe ukutani.

Je, matumaini yapo? Yapo, tena si haba. Juni 2025 Nairobi United, timu iliyokuwa ikicheza daraja la pili, iliwafunga Gor Mahia na kutwaa Kombe la FKF. Miezi michache baadaye ikawatoa Étoile du Sahel wa Tunisia na kuingia hatua ya makundi ya Kombe la Shirikisho la Afrika. Timu hiyo haina hadithi za Kampala wala Khartoum. Kama wao waliweza bila historia, sisi wenye historia na umati tunashindwa na nini? Zaidi ya hayo, Kenya, Uganda na Tanzania zilikabidhiwa AFCON ya 2027, na nyasi zilizopandwa kwa ajili yake zitabaki hapa wageni watakapopanda ndege.

Basi haya ndiyo masharti yangu mimi shabiki wa siku nyingi. Nitavumilia msimu wa kumaliza katika nafasi ya tano, hata ya sita. Nitavumilia sare tasa na vijana wa miaka 18 wanaopoteza mpira kwa pupa. Nipewe tu tiketi inayohesabiwa, orodha ya tunaodaiwa na lini tutalipa, na mkutano wa wanachama ambamo mweka hazina anasoma tarakimu kwa sauti hadi mwisho bila kukatizwa kwa nyimbo. Baada ya hapo ndipo tutazungumza habari za mshambuliaji. Naye tunamhitaji, nisieleweke vibaya, na beki wa kushoto pia, tena upesi, kabla gozi la Mashemeji halijafika.