Upinde wa Fidla na Singa Zake

Wanachama wengi wa chama chetu, ukiacha mikarafuu, wana jambo jingine walipendalo, nalo ni taarabu. Unguja kuna Nadi Ikhwan Safaa tangu mwaka 1905 na Culture Musical Club tangu 1958, na huku mashamba twazo fidla zetu tulizorithi. Fidla twaitunza, upinde twautupa popote. Twaandika haya kwa sababu ya mkasa uliompata kijana wa mwenzetu.

Kijana huyo alipata kazi Kawajense, Mpanda, katika Mkoa wa Katavi, akachukua fidla ya marehemu babu yake. Kabla ya safari, katikati ya masika, fundi mmoja aliutia upinde singa mpya, akazikata kwa kipimo cha siku ile. Huko bara kiangazi ni kirefu na hewa ni kavu. Singa zikafupika, na hata parafujo ilipolegezwa mpaka mwisho, zilikuwa zingali zimekaza. Asubuhi moja kijana alifungua sanduku akakuta kichwa cha upinde kimevunjika.

Sisi tuanikao karafuu hatuna haja ya kufundishwa nguvu ya unyevu. Singa za mkia wa farasi hunyonya unyevu zikarefuka, na hewa ikikauka hufupika. Basi fundi ajuaye kazi humwuliza mwenyewe: upinde huu unakwenda wapi? Ukitoka kwetu masika kwenda bara kavu, singa ziachiwe urefu zaidi kidogo.

Kazi yenyewe si ya haraka. Upinde mmoja hutwaa singa 150 hadi 200. Huchaguliwa moja moja, zilizopinda zikatupwa. Kisha hufungwa kwa uzi upande mmoja, zikabanwa kwa kabari ndogo ya mti ndani ya kichwa. Hulowanishwa, huchanwa, ndipo zikafungwa upande wa mkononi. Kabari ya kichwani haifai kujazwa gundi: atakayekuja kuitoa atapasua mti. Wala mshipi wa kuvulia si badala ya singa, kwani ni laini mno, haushiki ulimbo; na bila ulimbo wa msonobari upinde huteleza juu ya nyuzi bila sauti.

Na sasa neno kwetu sisi hasa. Mkono uliotoka kuchambua karafuu una mafuta. Usiguse singa kwa mkono huo, wala uliopakwa mafuta ya nazi. Singa zikiingia mafuta hazishiki ulimbo.

Yafaa kukumbuka haya:

Kaza upinde kwa kiasi tu. Katikati, nafasi baina ya fimbo na singa iwe kama unene wa penseli.

Ukimaliza kupiga, legeza, kisha pangusa unga wa ulimbo kwa kitambaa kikavu.

Usiuache juani wala ndani ya gari lililofungwa.

Fungua sanduku mara kwa mara lipate mwanga na hewa, kwani wako wadudu wadogo wapendao giza, nao hula singa.

Singa zikikatika upande mmoja tu, usingoje. Fimbo huvutwa upande ikapinda. Apigaye kila siku yafaa abadilishe singa kila miezi sita hadi mwaka.

Fimbo za pinde bora hutokana na mti wa Brazili uitwao pernambuco, ambao tangu mwaka 2007 biashara yake baina ya nchi imewekewa masharti, kwa kuwa umekuwa adimu. Singa zikiisha hununuliwa nyingine. Kichwa kikivunjika, hata kikiungwa, nguvu yake ya kwanza hairudi.

Kijana wetu sasa anapiga kwa upinde wa kununua. Ule wa babu umelala sandukuni, vipande viwili. Wazee walisema, usipoziba ufa utajenga ukuta. Mwenye upinde nyumbani na autazame leo, kabla jua la kiangazi halijautazama.