Fahamu: Kimelea cha malaria kinavyorithisha kumbukumbu
Mafuriko ya Aprili 2024 yaliacha madimbwi katika wilaya za Rufiji na Kibiti, Tanzania, na dimbwi ni mazalia ya mbu wanaoeneza malaria. Lakini kwa nini kinga dhidi ya malaria huchukua miaka kujengeka?

Kimelea cha malaria Plasmodium falciparum kina jeni zipatazo 60 ziitwazo var. Huiwasha moja tu, na hiyo huvalisha chembe nyekundu ya damu sura ambayo kinga hujifunza kuitambua. Kila baada ya saa 48 hivi kimelea huzaliana, na watoto huendelea na jeni ileile, ingawa DNA yao ina jeni zote hizo. Wanachorithi ni alama za kemikali kwenye histoni, protini ambazo DNA huzizunguka kama uzi. Protini HP1 huzilinda alama zinazofunga jeni nyingine. Mara chache mtoto mmoja huwasha jeni nyingine na kubadili sura; kinga hulazimika kujifunza upya, na homa hurudi.