Maji ya Tana, kutoka Kambi Muru hadi Kipini

Ndugu zangu wa Pwani, hapa Kambi Muru, Kibera, nanunua maji kwa mtungi wa lita 20. Majirani wakijua nimezaliwa Kipini, huniuliza: "Kwenu mafuriko kila mara, mbona hamuhami?" Huwajibu kwamba mtungi huu na mafuriko yale ni mto mmoja. Maji mengi ya Nairobi hutoka bwawa la Ndakaini kwenye mto Thika, na Thika humwaga Tana.

Delta ya Tana ni nchi ya chini iliyojengwa na tope. Mto hushuka kutoka Mlima Kenya na Nyandarua, na ukifika kwetu hupunguza mbio na kulaza tope lake. Maji yakipwa, Wapokomo hupanda mpunga, na Waorma hupata malisho wakati wa kiangazi. Furiko la kiasi kwetu ndiyo mbolea.

Hata njia ya mto imebadilika. Karne ya 19 mfereji wa Belezoni ulichimbwa kwa mikono, ukaunganisha Tana na mto Ozi. Maji yakaufuata, na ndiyo sababu leo Tana huingia baharini hapo Kipini.

Kisha yakaja mabwawa ya umeme: Kindaruma 1968, Masinga 1981, Kiambere 1988. Hata taa ninayoandikia huenda inawaka kwa maji hayo, basi siwezi kuyalaani. Lakini tope hunasa humo, na mafuriko madogo ya kila mwaka hupungua. Makubwa hayazuiliki, tuliyaona 1997 na tena 2024. Na mto ukikonda, bahari hupanda. Siku za bamvua maji ya chumvi huingia Ozi mpaka mashambani. Kaka yangu ameliacha shamba moja la mpunga. Udongo umeshika chumvi, na miembe iliyo kando yake inakauka.

Mwaka 2012 delta yetu iliingizwa katika orodha ya Ramsar ya ardhi oevu za dunia. Ni heshima, ila haileti maji. Sasa kuna mpango wa bwawa jingine kubwa, High Grand Falls. Tukiitwa mikutanoni, tusiulize fidia na ajira peke yake. Tuulize pia: maji kiasi gani yataachiliwa yafike Kipini, na miezi gani? Jibu liandikwe.