UVIMBE USIOUMA
Maswali ya Watu juu ya Saratani ya Matiti

Leo twapenda kusema nanyi juu ya maradhi ambayo watu huyataja kwa sauti ndogo, na mara nyingi huyataja wakati umekwisha pita. Maradhi hayo ni saratani ya matiti, ambayo wengine huiita kansa ya ziwa. Katika Tanzania ndiyo saratani ya pili kwa wingi kwa wanawake, baada ya saratani ya shingo ya kizazi. Na katika dunia nzima, mwaka 2022, wanawake wapatao milioni 2.3 walipimwa wakaonekana kuwa nayo, na wapatao 670,000 walikufa kwa ajili yake.

Ili maneno yetu yasiwe ya hewani, tumechagua mji mmoja wa kuutazama, nao ni Katoro katika Mkoa wa Geita. Wengi wenu mwaujua. Ni mji wa biashara katika njia iendayo Chato, na hukutana hapo wakulima, wafugaji, wachuuzi wa nguo, na wachimbaji wa dhahabu waliotoka pande nyingi. Mahali kama hapo habari hazikawii, na shauri la ugonjwa halikawii vilevile. Mwanamke akiona kitu kigeni katika titi lake, kabla hajafika kwa daktari amekwisha pewa majibu matano sokoni. Mengine ni ya kweli, na mengine siyo. Na hayo yasiyo ya kweli hudhuru sana, kwa sababu humkawiza mgonjwa.

Tutoe mfano. Mama mmoja auzaye vitenge, mwenye umri wa miaka 42, yuaoga jioni, na mkono wake wapita juu ya kitu kigumu kama punje ya haragwe. Abonyeza, hakiumi. Kama angeumwa na jino, angekwenda kutibiwa asubuhi ile ile. Lakini hiki hakiumi, na kesho kuna mzigo wa kupokea, na mwezi ujao kuna ada ya shule, kisha kuna harusi ya mdogo wake. Miezi minane yapita hivyo. Mama huyu ni mfano tu. Lakini wako wengi walio kama yeye, na maswali yake ndiyo tutakayoyajibu.

Swali la kwanza: Saratani ni kitu gani?

Mwili wa mtu umejengwa kwa chembe ndogo sana zisizoonekana kwa macho. Chembe zikichakaa hufa, na nyingine huzaliwa mahali pake, kwa kadiri inayotakiwa. Saratani ni chembe zilizoacha kufuata kadiri hiyo. Huzaana bila kukoma, zikafanya uvimbe. Mwanzoni uvimbe hukaa mahali pamoja, na hapo waweza kuondolewa. Ukiachwa, chembe zake husafiri mpaka kwapani, na baadaye huweza kufika katika mifupa, mapafu, ini, au ubongo. Ndiyo maana siku za mwanzo zina thamani kuliko siku zote zinazofuata.

Swali la pili: Je, ni ugonjwa wa kurogwa, au wa kuambukizwa?

Hatupendi kuwadharau wazee, wala hatusemi kwamba watu hawana vijicho. Lakini maradhi haya huwapata matajiri na maskini, wapendwao na wachukiwao, Katoro na London pia. Hayatoki kwa jirani aliyekutazama vibaya. Mtu akiyashika mawazo hayo hufanya mambo mawili: hugombana na jamaa zake, na hupoteza miezi akitafuta mchawi huku uvimbe unakua. Na wala hayaambukizi. Waweza kula sahani moja na mgonjwa, kulala naye kitanda kimoja, na kufua nguo zake, usipatwe na neno. Kumtenga mgonjwa ni kumwongezea jeraha la pili.

Swali la tatu: Basi huletwa na nini?

Hakuna sababu moja. Huwapata zaidi wanawake kuliko wanaume, na hatari huzidi umri unapozidi, ingawa huku kwetu hata wanawake vijana huonekana nayo. Aliye na mama, dada, au binti aliyepatwa ana hatari zaidi, na yafaa amwambie daktari habari hiyo. Pombe huongeza hatari, na unene wa kupita kiasi baada ya hedhi kukoma huongeza pia. Kunyonyesha hupunguza. Jambo hili la uzazi na kunyonyesha lilichunguzwa zamani: mwaka 1926 daktari mmoja mwanamke wa Uingereza, Janet Lane-Claypon, alitoa habari za wanawake 500 wenye maradhi hayo, akiwalinganisha na 500 wasio nayo, na njia yake ya kulinganisha hufuatwa na wataalamu hata leo.

Lakini sikilizeni neno hili: yapata nusu ya wanaopatwa hawana sababu yoyote inayojulikana, isipokuwa ni wanawake na wamepita miaka 40. Kwa hiyo mgonjwa asiulizwe, "Ulifanya nini?" Yamkini hakufanya lo lote.

Wanawake wa sokoni huuliza kama kuweka fedha au simu ndani ya sidiria huleta saratani. Haijathibitika hivyo, wala sidiria yenyewe haina kosa. Mwizi ndiye wa kuogopwa zaidi kuliko sarafu. Wengine huuliza juu ya zebaki itumiwayo kukamatia dhahabu. Zebaki ni sumu. Huharibu ubongo na figo, na watu wajiepushe nayo kabisa, hasa wenye mimba. Hata hivyo haimo katika sababu zilizothibitika za saratani ya matiti.

Swali la nne: Kama hauumi, kwa nini niende hospitali?

Hili ndilo swali kubwa kupita yote. Tumezoea kuyapima maradhi kwa maumivu. Jipu huuma, malaria huuma, na titi la mama anyonyeshaye likivimba kwa maziwa kuganda huuma sana, nasi huyakimbilia. Lakini saratani ya matiti mwanzoni mara nyingi haiumi. Huja kimya kimya kama mchwa ndani ya mlango. Siku ya kuuma huwa imekwisha kula sana. Kwa hiyo kutouma si habari njema, wala si ruhusa ya kungoja.

Dalili za kuangaliwa ni hizi: uvimbe mpya au ugumu katika titi au kwapani, titi moja kubadilika ukubwa au umbo, ngozi kuvutwa ndani, au kuwa na vishimo kama ganda la chungwa, chuchu kuingia ndani ambayo zamani haikuwa hivyo, kidonda cha chuchu kisichopona, na damu kutoka katika chuchu. Kila mwanamke ayajue matiti yake katika hali ya uzima, ili apate kutambua mageuzi. Wakati mzuri wa kuyapapasa ni siku chache baada ya hedhi, kwa maana kabla ya hedhi matiti ya wengi huwa na madongedonge. Na mama anyonyeshaye, akitibiwa jipu la titi na lisipone, asinyamaze; arudi aseme, "Halijapona."

Swali la tano: Je, kila uvimbe ni saratani?

La, hasha. Uvimbe ulio mwingi katika matiti si saratani, hasa kwa wasichana. Lakini hakuna awezaye kujua kwa kupapasa tu, si bibi, si mganga, wala si daktari. Wachimbaji watatuelewa upesi. Mchimbaji akitoa jiwe katika duara, hajui kwa kulitazama kama lina dhahabu. Hulipeleka kwenye karasha likasagwa, na unga ukaoshwa, ndipo ajuapo. Na daktari hufanya hivyo hivyo. Hupapasa kwanza, hutazama kwa mashine, kisha kwa sindano huchukua kipande kidogo cha nyama ya uvimbe kikatazamwe kwa hadubini. Bila hilo hakuna hakika.

Watu wengi huogopa sindano hii. Husema, "Uvimbe ukiguswa na chuma hukasirika, ukaenea." Si kweli. Sindano haieneza saratani. Kungoja ndiko kunakoieneza. Maneno haya yaliaminiwa kwa sababu wengine walipimwa wakati maradhi yamekwisha enea, wakafa baada ya muda mfupi, na watu wakaona sindano wasiione miaka miwili iliyotangulia.

Swali la sita: Je, watanikata titi?

Huenda watalikata, huenda hawatalikata. Zamani madaktari wa Ulaya na Marekani waliondoa titi zima pamoja na nyama za kifuani, wakidhani kwamba kukata kwingi ndiko kupona. Mwaka 1985 daktari wa Marekani, Bernard Fisher, na wenzake walionyesha kwamba, kwa uvimbe uliowahiwa, kuuondoa wenyewe tu na kisha kutia mionzi humpa mgonjwa maisha sawasawa na yule aliyeondolewa titi lote. Basi mwenye kuwahi ana nafasi kubwa zaidi ya kubaki na titi lake. Ajabu ya mambo ni kwamba wanawake wengi hukawia kwa kuogopa kukatwa, na kukawia huko ndiko kunakolazimisha kukatwa.

Pamoja na upasuaji kuna mionzi, na dawa za kuua chembe zitiwazo katika mshipa, na vidonge vya kuzuia nguvu ya homoni, ambavyo wengine huvimeza miaka mitano au zaidi. Dawa za mshipani huweza kuangusha nywele na kuleta kichefuchefu. Nywele huota tena. Asiache dawa katikati kwa kuona nafuu.

Waume nao wasikilize. Mwanamke aliyeondolewa titi ni mke yule yule na mama yule yule. Tena wanaume wasidhani kwamba hayawahusu katika miili yao: katika wagonjwa 100, hupata kuwamo mwanamume mmoja. Mwanamume mwenye uvimbe chini ya chuchu aende vilevile.

Swali la saba: Mbona waliokwenda hospitali kubwa hawakurudi?

Swali hili huulizwa kwa uchungu, na yafaa lijibiwe kwa heshima. Ni kweli kwamba wengine hawakurudi. Lakini ulizeni walikwenda lini. Katika Tanzania walio wengi hufika hospitali maradhi yamekwisha kuwa makubwa. Hospitali haikuwaua; ilipewa kazi iliyokwisha haribika. Katika nchi tajiri, ambako wengi huwahi na kutibiwa vizuri, zaidi ya wanawake 90 katika kila 100 huwa hai miaka mitano baada ya kujulikana maradhi yao. Katika Afrika ya Kusini ni kama 40 tu. Titi ni lile lile, na saratani ni ile ile. Kinachotofautiana ni siku ya kufika na matibabu anayopata mtu.

Shirika la Afya la Dunia limeweka shauri kwamba mgonjwa akionana na watu wa afya kwa mara ya kwanza, isipite miezi miwili kabla ya maradhi yake kujulikana kwa hakika. Basi tusihesabu misimu ya kilimo, tuhesabu majuma.

Njia ya kufuata ni hii. Kwanza nenda kituo cha afya kilicho karibu, ukaonyeshe uvimbe wako bila haya. Wakikupa karatasi ya kwenda mbele, usiiweke kabatini. Iko hospitali ya mkoa Geita, na hospitali ya kanda Chato. Na Mwanza iko Bugando, iliyofunguliwa mwaka 1971, ambayo leo ina idara ya saratani. Zamani mtu wa Kanda ya Ziwa aliyehitaji mionzi alilazimika kusafiri mpaka Ocean Road, Dar es Salaam, kilometa zaidi ya 1,000. Siku hizi mionzi hupatikana Bugando. Na kivuko cha Busisi kilichowachelewesha wasafiri wa Geita, tangu mwaka 2025 kina daraja juu ya ziwa, lenye urefu wa yapata kilometa 3.

Twajua kwamba nauli ni fedha, na malazi ni fedha, na siku ya kufunga duka ni hasara. Hapo ndipo ndugu hutakiwa. Tunachangia harusi, tunachangia misiba. Tuchangie safari ya kwenda Mwanza mapema, nayo huenda ikatuondolea mchango wa msiba. Mwenye bima ya afya aende nayo; na asiye na uwezo amwulize ofisa wa ustawi wa jamii pale hospitali, asiondoke kwa kuona aibu.

Turudi kwa mama yetu wa vitenge. Miezi minane imepita, na leo asubuhi, akijitazama katika kioo, ameona ngozi imevutwa ndani. Je, amechelewa? Angekwenda siku ya kwanza ingalikuwa bora zaidi. Lakini leo ni bora kuliko kesho, na hata ugonjwa mkubwa hupunguziwa nguvu na maumivu yake. Dada yake na afunge duka, mumewe atafute nauli, na yeye ajifunge kanga aende.

Hayo ndiyo maneno yetu ya leo. Asomaye na amsomee asiyejua kusoma, hasa mama yake na shangazi zake. Na mkisahau mengine yote, likumbukeni hili moja: uvimbe usiouma ndio wa kuendewa upesi.